Dosari za Kibano

Mke wangu hajui kusifia. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanilaumu baadaye kwamba nilimficha. Mimi ni kinyozi, na kinyozi asiyesifia atakufa njaa. Kutwa nzima nawaambia watu wamependeza, na wengine wana vichwa ambavyo hata mama zao walipoviona mara ya kwanza walishtuka. Yeye ni profesa. Kazi yake ni kutokuamini mpaka aone. Tumelea binti mmoja, tumezeeka pamoja, na mpaka leo tukikaa mezani mimi husema chakula kitamu, yeye husema chumvi imezidi, hata siku aliyopika mwenyewe.

Mtaani wanamwita Mama Ushahidi. Jina hilo alipewa na muuza duka wa jirani, ambaye siku moja aliapa kwamba mayai yake yametagwa jana. Mke wangu akamwomba bakuli la maji, akatumbukiza yai moja, na yai likaelea juu likitutazama sote. Tangu hapo muuza duka akimwona anavuka barabara huanza kuomba radhi kabla hajajua anataka kununua nini.

Nilimfahamu kwenye kiti changu cha kunyolea. Aliingia dukani akiwa mwanafunzi, mwembamba, mkoba mzito begani, akataka nywele zikatwe fupi kabisa kwa sababu zilikuwa zinamwingia machoni akiinamia hadubini. Nilipomaliza nikamshikia kioo nyuma, nikamuuliza anaonaje. Akageuka kushoto, akageuka kulia, akasema nyuma ya sikio la kulia zimebaki ndefu kidogo. Nikapunguza. Wiki iliyofuata akarudi, na nywele zenyewe hazijaota hata za kushikika. Mwanamume mwenye akili timamu angejua maana yake papo hapo. Mimi nilimnyoa mara kadhaa bure bilashi kabla ya kuelewa.

Anachokisoma ni jinsi mapafu yanavyojijenga mtoto akiwa bado tumboni. Watu wakisikia hivyo huinamisha shingo upande, wakisubiri hadithi ya huzuni: labda alikuwa na mdogo wake aliyezaliwa kabla ya wakati, labda mama yake alikuwa na kifua kibovu. Hakuna. Alipoanza masomo ya juu maabara ilikuwa imejaa. Kwa watu wa moyo hakukuwa na nafasi, kwa watu wa figo vilevile. Kiti pekee kilichobaki wazi kilikuwa mbele ya mapafu. Akakaa. Ukimuuliza kama anayapenda mapafu atakujibu kwamba hajaona sababu ya kuhama.

Tulipokuwa wachumba alinipeleka kuyaona. Maabara yake iko ghorofa ya juu ya jengo la chuo, na lifti yake haijawahi kusimama sawa na sakafu, kwa hiyo unaingia kwa kuruka na kutoka kwa kupanda. Ndani kuna kiatamizi, kabati la chuma linalonguruma polepole, lenye joto la mwili wa mtu. Akafungua, akatoa kisahani. Kwenye kisahani kulikuwa na supu ya rangi ya waridi, na juu ya supu utando mwembamba, na juu ya utando kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Akaniambia ni pafu la kijusi cha panya. Lilikuwa limetolewa tumboni na bado linaendelea kukua hapo kisahanini, kana kwamba halikupata habari. Nikachungulia kwenye hadubini. Nikaona kitu chenye vidole vidole, kama kipande cha tangawizi. Akanieleza kwamba jana ncha hii ilikuwa moja, leo imegawanyika mbili, kesho kila moja itagawanyika tena, na hivyo hivyo mpaka yatimie matawi yote ya kupitishia pumzi.

Nikamuuliza nani anayeiambia igawanyike hapa na si pale. Niliuliza ili nisionekane bubu tu. Akanitazama kana kwamba nimemvika pete, akasema hilo ndilo swali lenyewe, na hakuna anayejua jibu lote. Nadhani nilikubaliwa siku ile, kwa kubahatisha.

Alipokuwa na mimba ya binti yetu aliniambia mtoto huko ndani ameshaanza mazoezi ya kupumua. Anavuta maji na kuyatoa, anavuta na kuyatoa, na asipofanya hivyo mapafu hayapanuki inavyotakiwa. Basi nikawa kila jioni natega sikio tumboni kwake. Akaniambia sikio haliwezi kusikia jambo hilo, lazima kuwe na mashine. Lakini hakukiondoa kichwa changu, na mkono wake aliuacha hapo hapo juu ya nywele zangu, na mimi sikuhitaji mashine kujua ninachokijua.

Huyo ndiye mke wangu. Ukitaka kujua anachokipenda, tazama anachokikagua. Binti yetu alipokuwa mdogo alileta kutoka shule mchoro wa nyumba na jua. Mimi nikausifia mpaka mate yakanikauka. Mama yake akauweka kwenye mwanga, akautazama, akasema vivuli vimeangukia upande lilipo jua. Mtoto akalia, kisha akachora upya. Leo ni mchoraji wa ramani za majengo, na akipiga simu humsomea mama yake vipimo mpaka simu iishe chaji. Kwangu mimi huuliza tu kama nimekula.

Sasa nije kwa Kibano.

Kibano aliingia maabara ile akiwa binti mdogo wa shahada ya kwanza, mwoga, mwenye viatu vinavyolia akitembea. Kulitoa pafu la kijusi bila kulichana si kazi ya kila mtu. Unatumia vibano viwili vyembamba kuliko sindano, huku unatazama kwenye hadubini, na pumzi yako mwenyewe ikikutoka vibaya umeharibu. Wengi huchana wiki baada ya wiki. Binti yule alilitoa la kwanza zima, akalilaza kwenye utando, akauliza alete lingine? Jina likamganda siku hiyo hiyo. Alivinunua vibano vyake mwenyewe, akavishonea mfuko wa kitambaa, na ole wake atakayevigusa. Akasoma shahada ya pili hapo, akasoma uzamivu hapo, na miaka yote hiyo nyumbani kwetu alikuwa anaingia bila kubisha. Mke wangu anamwita binti, yeye anamwita mwalimu, mimi ananiita Baba Kinyozi na kunidai sukari zaidi kwenye chai.

Na miaka yote hiyo hakusikia sifa hata moja. Alisikia kwamba picha zake zina giza pembeni, kwamba anakimbiza maneno akisimama mbele za watu, kwamba sentensi zake ni ndefu. Mimi nikimtetea, mke wangu hunijibu kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nami hujibu kwamba chanda chema huvikwa pete. Naye hujibu kizuri chajiuza. Hapo Kibano hucheka, huchukua kikombe chake, na kurudi kwenye mapafu.

Uzamivu ukishaisha, mtu anaitwa daktari lakini bado hana pa kwenda. Kuna hatua nyingine katikati: unaomba nafasi ya utafiti kwenye maabara ya mtu mwingine, mbali na mwalimu wako, ukajifunze macho mapya, ndipo baadaye upewe meza yako mwenyewe na watu wako. Nafasi hizo ni chache na zina tabia mbaya moja. Zinataka aliyemaliza karibuni. Ukikaa sana bila kuchukuliwa, wanaanza kujiuliza kwa nini hukuchukuliwa, na swali hilo peke yake linatosha kukufungia mlango.

Kibano aliomba mara ya kwanza, akakosa. Akaomba kwingine, akakosa. Wote tulishangaa, na aliyeshangaa zaidi ni mke wangu. Mara hii ya tatu ilikuwa kwenye maabara moja ya mbali sana, na ilikuwa ya mwisho. Masharti ya nafasi kama hizo yalikuwa yanamtupa nje mwaka unaofuata. Lakini hata bila masharti, ndiyo aliyokuwa akiitaka kuliko zote. Anachotaka kujua ni jinsi vile vifuko vidogo vya hewa vinavyofunguka mwishoni kabisa, hatua ambayo watoto wanaozaliwa mapema mno huwa hawajaifikia. Kwa vifaa vya hapa, ukitaka kuona ndani ya pafu inabidi ulikaushe na kulikata, yaani uliue. Maabara ile ina hadubini inayoweza kulitazama likiwa hai, siku baada ya siku. Alipotueleza habari hiyo chakula kilipoa mbele yake.

Utaratibu wa maabara hizo ni kwamba mkuu wake humpigia simu mwalimu wa mwombaji na kumuuliza: huyu mtu yukoje? Simu zile mbili za mwanzo mke wangu alizipokea chuoni, mimi sikuzisikia. Hii ya tatu iliingia Jumapili alasiri, akiwa jikoni anamenya viazi, mikono imelowa. Akabonyeza spika kwa kiwiko, akaiegemeza simu kwenye kopo la chumvi, akaendelea kumenya. Mimi nilikuwa mezani na chai yangu.

Aliyepiga alikuwa mwanamke mwenye sauti ya upole, mkuu wa maabara ile. Akasema amevutiwa na kazi ya Kibano, amebaki na majina mawili tu, na angependa kusikia maoni ya mwalimu wake, kwa uwazi kabisa.

Akaupata huo uwazi. Mke wangu akaanza kumtajia. Kwamba huyu binti anachelewa kuandika. Majaribio yakiisha mapema, maandishi hayaji mpaka adaiwe. Kwamba anabishana na mwalimu wake hata mbele ya wageni, na hanyamazi mpaka aonyeshwe. Kwamba akiwa kazini hasikii, na siku moja king'ora cha moto kililia jengo zima likatoka, yeye akabaki ameinama na vibano vyake. Kwamba huzungumza na mapafu. Alisema kwa ufasaha, kwa mifano, uso wake uking'aa kama wa bibi harusi, na maganda ya viazi yakishuka marefu bila kukatika. Kule upande wa pili kimya kilikuwa kinakua. Mwishoni yule mkuu akamshukuru kwa ukweli wake, akasema amemsaidia sana kuamua, na simu ikakatika.

Mke wangu akavuta kiazi kingine. Akaniambia imekwenda vizuri sana.

Nikaweka kikombe chini. "Mama, umemchinja mtoto wa watu."

Hakunielewa, na hapo inabidi niieleze desturi yenyewe. Mwalimu aliyemfundisha mke wangu alimfundisha kwamba ukimtaja mtu kwa sifa tupu, maana yake humjui. Mtaje kwa dosari zake, tena moja moja, ndipo anayekusikiliza aamini kwamba umemtazama na bado umesimama upande wake. Wote waliosoma chini ya mzee yule hufanya hivyo. Miongoni mwao, mtu akitajiwa dosari kwa nusu saa, wanamng'ang'ania. Kuhusu wasiyemthamini wanamwambia mwenzao tu, "Ni mtu mzuri," na kukata simu, na mwenzao anaelewa. Ni lugha ya ukoo wao. Ila nje ya ukoo huo hakuna anayeijua, na mke wangu, Mama Ushahidi mzima, hakuwahi kufikiria kwamba ni ya ukoo.

Nikamkumbusha Kesho. Kesho alikuwa mwanafunzi wake mwingine, kijana mtanashati tuliyempa jina kutokana na jibu lake la kila siku. Yeye alimaliza baada ya Kibano, akaomba nafasi moja tu, akaipata kabla hajamaliza kukunja nguo zake. Nikamuuliza mke wangu alimtajaje kijana yule. Akafikiri. Akasema alisema ni mtu mzuri sana.

Alikaa na kile kiazi mkononi akikimenya mpaka kikawa kama gololi.

Mtu mwenye hekima angeishia hapo. Mimi nilikuwa na hasira, nampenda yule binti, nikaendelea. Nikamwambia mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, na kwamba kusifia si dhambi, mimi nafanya kutwa. Akasema mimi nasifia hata upara, kwa hiyo sifa zangu ni makapi. Iliniuma, maana ni kweli. Basi nikatoa lililokuwa kooni.

"Au hutaki aende?"

Aliosha mikono, akaifuta kidole kwa kidole, akatoka uani kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka. Viazi nilimalizia mimi.

Asubuhi yake nilikuwa ndio kwanza nafungua duka. Fundi bomba wa mtaa wa pili alikuwa ameshafika, amekaa benchini anangoja kunyolewa. Mke wangu akaingia, akampita, akaketi kwenye kiti changu. Nywele zake hazikuwa na haja ya kukatwa. Nilimfunga kitambaa shingoni hivyo hivyo, kwa mazoea, naye akaanza kusema huku akinitazama kwenye kioo.

Alisema amejichunguza. Sehemu kubwa ni ile desturi, wala hakujua kama inamdhuru binti. Lakini kuna sehemu nyingine. Akaitoa mikono chini ya kitambaa, akainyoosha. Ilikuwa inatetemeka, kidogo tu, kama maji kwenye glasi lori likipita. Mimi nilikuwa naiona nyumbani, nikidhani ni uchovu. Akasema ni muda sasa hajalitoa pafu hata moja kwa mkono wake. Yote yaliyomo kwenye kiatamizi chake yametolewa na Kibano. Kibano akiondoka, yeye atabaki mtu wa kutazama tu.

Nikamuuliza hiyo sehemu ni kubwa kiasi gani.

"Ndogo," akasema. "Lakini ipo. Na mwenye kitu kama hicho ndani yake angekitazama kwanza, ndipo apokee simu."

Sijawahi kumpenda mke wangu kuliko nilivyompenda akiwa kwenye kile kiti, na nilishampenda sana kabla ya hapo. Nilimwekea mikono mabegani. Fundi bomba akajifanya anasoma bango la mitindo ya nywele.

Kisha akaniomba nimfundishe kusifia. Kinyozi hajinyoi, lakini kufundisha anaweza, nikaanza kwa furaha. Nikamwambia aseme: huyu binti hakuna mfano wake. Akajaribu. Akasema hakuna mfano wake miongoni mwa wanafunzi aliopata kuwafundisha, ambao si wengi, na huenda hawawakilishi wote. Nikamwambia aishie kwenye mfano wake. Akasema hawezi, sentensi inabaki wazi. Nikamwambia basi aseme ni hodari. Akauliza hodari kuliko nani. Fundi bomba naye akachangia, akapendekeza "mtoto wa dhahabu", na mke wangu akamtazama kwenye kioo mpaka akarudi kwenye bango lake.

"Haya niache," akaniambia. "Nitasema ninachokijua."

Akapiga simu pale pale, kitambaa shingoni. Ilikuwa majira ambayo kule maabara ya mbali watu wapo kazini. Yule mkuu akapokea, kwa adabu ya mtu ambaye shughuli yake ameshaimaliza. Nakumbuka maneno ya mke wangu yote, kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yake na mkasi wazi mkononi.

"Jana nilikutajia dosari zake. Ni za kweli, sifuti hata moja. Ila sikukwambia kwa nini nazijua. Wanafunzi wengine sikuwatazama kiasi hicho, hawakuhitaji, na sikuwa na hamu. Huyu nimemtazama kwa sababu kila akishika kitu nilitaka kuona atakifanyaje. Mimi nakagua kila kitu, muulize mume wangu. Nikiambiwa leo niikabidhi kazi ya maisha yangu kwa mtu mmoja, nitampa yeye, nitafunga mlango, na sitarudi kukagua."

Yule mkuu akauliza jambo ambalo sisi hatukulisikia.

"Ndiyo," mke wangu akajibu. "Nitaumia sana. Hiyo si sababu ya wewe kumkosa."

Akakata simu, akasimama, akasahau kitambaa, akatoka nacho shingoni mpaka nje, ikabidi nimkimbilie. Nilipokuwa nakifungua aliniambia kuna jambo moja limebaki: kumwambia Kibano. Alitaka aende kumwambia saa ile ile. Nilimsihi asubiri, kwa sababu binti alikuwa bado hajafanyiwa mahojiano, na mtu hapewi habari kama hiyo siku chache kabla ya kusimama mbele ya wageni. Alikubali shingo upande. Siku zile zote hakuweza kumtazama yule binti usoni, na Kibano akadhani mwalimu amemkasirikia kwa sababu ya picha fulani, akazipiga upya zote.

Walimhoji kwa video, akiwa maabara, amevaa blauzi ya dada yake. Baada ya hapo tukangoja. Kisha jioni moja tukasikia viatu vikija mbio, mlango ukafunguka, na Kibano akasimama katikati ya sebule yetu akiwa hana pumzi hata ya kusema, yeye anayesomea pumzi. Lakini uso ulitosha. Amepata. Nilimkumbatia nikamnyanyua kutoka sakafuni, na mgongo wangu ukanikumbusha umri. Nikasema yote ambayo mtu kama mimi husema: kwamba nilijua tangu mwanzo, kwamba wana bahati wao, kwamba hakuna kama yeye duniani.

Mke wangu alikuwa amesimama karibu na meza. Hakumkumbatia.

"Kaa," akamwambia. "Nina jambo lako."

Nilimfanyia ishara kwa macho, kwamba si leo, mwache afurahi hata mpaka kesho. Nilikuwa najisumbua. Yeye aliona kwamba furaha iliyojengwa juu ya jambo lisilojulikana si ya mwenyewe bado. Akamwambia wazi: zile nafasi mbili za kwanza alizikosa kwa sababu ya maneno ya mwalimu wake. Na hii ya tatu alikaribia kuikosa kwa sababu hiyo hiyo.

Niliuona uso wa Kibano ukizima. Akauliza alisema nini. Mke wangu akamtajia, moja moja, bila kupunguza. Kibano alisikiliza huku akikikunja na kukikunjua kitambaa cha meza.

"Zote ni kweli," akasema mwishowe.

Halafu hasira ikaja, ya kimya, ambayo ni mbaya zaidi. Alieleza jinsi mara ya pili alivyorudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba basi, elimu imefika mwisho, na jinsi alivyokwenda kufanya usaili wa kazi ya kutembeza dawa hospitalini, akakubaliwa, na akakaa na jibu lao siku kadhaa akijiuliza. Kwamba alikuwa anajitazama mikono yake usiku akitafuta ina kasoro gani. Mke wangu hakujitetea. Hakutaja ile desturi, hakumtaja mwalimu wake. Kwa kila kitu alijibu "ndiyo". Na sehemu ile ndogo, ya mikono inayotetemeka, nayo aliisema.

Kibano akakiachia kitambaa cha meza. Kisha akauliza mara hii ya mwisho alimwambia nini yule mkuu hata akabadili mawazo.

Hapo mke wangu akanigeukia mimi. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuona akiniomba nimsemee. Nilikuwa nayo maneno yote, yalikuwa mdomoni, na kunyamaza si kazi yangu. Nikanyamaza. Akageuka tena kwa Kibano, na kwa sauti iliyomkwama mara mbili njiani akamwambia yale yale aliyosema kwenye simu: kwamba amemtazama yeye kuliko wote, kwamba angempa yeye kazi ya maisha yake, angefunga mlango, na asingerudi kukagua.

Kibano hakulia mara moja. Alimtazama mwalimu wake kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani unanivumilia tu."

Mke wangu alishika ukingo wa meza. Nikamwona anatafuta pa kukalia, nikamsogezea kiti. Akaketi mbele ya yule binti, magoti yao yakikaribia kugusana, na wote wawili wakawa wanalia sasa, kila mmoja akijaribu kumfichia mwenzake. Mimi sikuficha.

Kibano ndiye aliyejipangusa kwanza, kwa mkono wa ile blauzi ya dada yake, ambayo hakuwa ameirudisha.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Ulichomwambia. Wewe si ndiye uliyenifundisha? Jambo likionekana mara moja halijaonekana, mpaka lionekane mara tatu. Rudia."

Mke wangu akarudia. Mara hii sauti haikukwama.

Kibano akatikisa kichwa, akavuta kiti chake karibu zaidi.

"Bado moja," akasema.